Siku saba Karibiani na mama mwenye magoti mabovu: uzoefu wangu wa meli ya kitalii

Nilipomwambia mama tunakwenda kutembea visiwani kwa meli, hakuuliza bei wala hakuuliza visiwa gani. Aliuliza, "Maboya yapo ya kutosha?"

Mama ni mtu wa Pangani. Kwake meli si starehe. Meli ni MV Bukoba ya 1996, na ni MV Spice Islander iliyozama usiku kati ya Unguja na Pemba mwaka 2011, wiki ambayo redio nyumbani haikuzimwa. Na mimi, kusema kweli, nimeishi Houston miaka kumi na tatu nikiyaona matangazo ya safari hizi, na kila mara nilijiuliza mtoto wa pwani atatoaje pesa yake akaitazame bahari. Kilichonigeuza ni magoti ya mama. Ana miaka 71, kutembea kidogo anaweza, lakini kupanda na kushuka na kuhama hoteli na kuburuta mabegi hawezi. Mwenzangu kazini akaniambia neno moja: kwenye meli begi unalifungua mara moja tu. Unalala Puerto Rico, unaamka nchi nyingine, na nguo zako bado ziko kabatini.

Basi tukakata safari ya usiku saba mwanzoni mwa Juni, kutoka San Juan na kurudi palepale, tukipitia St. Thomas, Barbados, St. Lucia, St. Kitts na St. Maarten. Kampuni sitaitaja kwa kuwa tuna ugomvi wetu mdogo, nitaufikia.

Kuhusu makaratasi nisichelewe. Mimi nina pasipoti ya Marekani, mama ana ya Tanzania na kadi ya ukaazi. Kampuni inakuambia wazi kwamba viza ni jukumu lako, kwa hiyo nikauliza masharti ya kisiwa kimoja kimoja kabla ya kulipa. Kama mgeni wako yuko Marekani kwa viza ya kuingia mara moja tu, msimpandishe meli hizi. Akishatoka amekwisha toka.

Tulifika San Juan siku moja kabla, na ningemshauri yeyote afanye hivyo, maana ndege ikichelewa meli haikungoji. Mji mkongwe una barabara za mawe ya rangi ya buluu iliyofifia na ngome ya El Morro, ambayo Wahispania walianza kuijenga mwaka 1539. Mama aliiangalia akasema inafanana na Fort Jesus. Kilichomshangaza zaidi ni mkrismasi uliochanua mwekundu wote pembeni mwa barabara. "Krismasi mwezi wa sita?" Wenyewe wanauita flamboyán, na kwao ndio msimu wake.

Chakula cha mchana tukaletewa wali wa gandules. Mama akaudokoa kwa uma, akanitazama. "Mwanangu, hizi si mbaazi?" Ni mbaazi kabisa. Ila wanazipika na nyama ya nguruwe mara nyingi, kwa hiyo aliishia kuzitazama tu, akala samaki. Ukiwa Mwislamu uliza kabla sahani haijafika.

Sasa meli yenyewe. Abiria karibu 3,000, lifti nyingi, na kelele za muziki upande wa bwawa la kuogelea tangu saa nne asubuhi. Kabla ya kung'oa nanga kila mtu lazima afanye zoezi la dharura: unatazama maelezo kwenye televisheni ya chumbani, kisha unakwenda kituo chako wakakuhakiki. Watu wengi wanalifanya huku wameshika vinywaji. Mama alilifanya kama mtihani wa darasa la saba. Alitaka kulivaa jaketi okozi, akavalishwa. Alitaka kuonyeshwa boti yetu ya uokoaji, akaonyeshwa. Akahesabu boti za upande ule zote, halafu ndipo akakubali kwenda kula. Usiku ule akalala fofofo, na mimi ndiye niliyebaki macho nikisikiliza chumba kikilia kama kitanda cha kamba.

Chumba kilikuwa cha ndani, kisicho na dirisha, maana ndicho cha bei nafuu. Hilo lilikuwa kosa langu. Ukizima taa, giza lake ni la kaburini. Hujui kama ni saa sita za usiku au saa sita za mchana, na kwa mtu anayeswali ni usumbufu. Halafu kuna kibla. Pangani kibla ni kaskazini, karibu moja kwa moja, na mama ameswali hivyo maisha yake yote. Karibiani kibla kinalalia mashariki, kikipanda kidogo kuelekea kaskazini, na juu ya hapo meli nayo inageuka. Jioni ya kwanza nilitumia dira ya simu, ikawa inazunguka kama imelewa, nadhani kwa sababu ya chuma chote kile. Aliyetuokoa ni mhudumu wetu wa mezani, kijana wa Indonesia. Alimwona mama amejitanda mtandio akamsalimia, "Assalaam alaykum." Tangu hapo hawakuwa na lugha ya pamoja zaidi ya salamu na ishara za mikono, lakini wakawa ndugu. Asubuhi anamwonyesha kwa kidole meli inaelekea wapi, jioni anamwambia sahani ipi ina mvinyo na ipi haina. Siku ya mwisho mama alimpa bahasha ambayo mimi sikuambiwa ina kiasi gani.

St. Thomas palikuwa pazuri kwa haraka. Ni kisiwa ambacho Marekani ilikinunua kwa Wadenmark mwaka 1917 kwa dola milioni 25, na mpaka leo wanaendesha upande wa kushoto, ingawa usukani wa magari yao nao uko kushoto, kwa hiyo kila kona unashika roho. Magari ya abiria ni malori yaliyowekewa viti na paa, pembeni wazi, na unajua wanayaitaje? Safari. Mama aliposikia dereva anaita "Safari! Safari!" akaitikia kwa Kiswahili, "Ya wapi?" Tulicheka mpaka Magens Bay.

Siku iliyofuata ilikuwa ya baharini mchana kutwa. Wengine huiogopa siku hii, wakidhani watachoka. Mimi ndiyo niliyoipenda, ukiondoa jambo moja la kukera: watu wanaoamka alfajiri, wanatandika taulo kwenye viti vizuri vya sitaha, kisha wanarudi kulala. Tuliwaachia bwawa lao tukaenda upande wa nyuma, kwenye kivuli, ambako hakuna muziki. Tukakaa pale saa nyingi tukitazama mkia wa povu. Mama akanisimulia jinsi babu alivyokuwa akienda Pemba kwa jahazi, na kwamba yeye akiwa msichana aliwahi kulilia sana achukuliwe, akaambiwa baharini hakuna choo cha wanawake. Hadithi hiyo sikuwahi kuisikia, na nimekuwa mtoto wake miaka 44.

Usiku ule nikamwamsha saa kumi kasoro, tukapanda juu kabisa. Sitaha ilikuwa tupu, imelowa chumvi. Mbele kulikuwa na weusi mtupu, halafu pakatokea taa moja, halafu mstari mzima wa taa: pwani ya magharibi ya Barbados. Mama aliswali alfajiri ameketi kwenye kiti, mimi nikiwa nimemshikia mtandio usipeperuke. Alipomaliza, anga nyuma ya kisiwa likawa limeanza kupauka. Boti ndogo ya rubani wa bandari ikaja ikidunda kwenye mawimbi, ikajibandika ubavuni mwa meli bila sisi kusimama, na mtu mmoja akadaka ngazi ya kamba akapanda. Mama aliguna kwa mshangao. Ukiniuliza pesa yangu ilikwenda wapi, ilikwenda kwenye saa ile moja, na ilikuwa saa ya bure isiyo kwenye ratiba yao yoyote.

Barbados ndiko tulikokaa kama nyumbani. Kwanza kisiwa chenyewe ni mwamba wa matumbawe sehemu kubwa, kama Unguja, chini ya miguu unausikia. Hatukununua matembezi ya meli. Tulipatana na dereva nje ya geti la bandari, mzee mwenye maneno mengi, aliyetueleza mara tatu kwamba wamekuwa jamhuri tangu Novemba 2021 na malkia hawahusu tena. Akatupeleka Oistins, kwa wavuvi. Nikaagiza chakula chao cha taifa, cou-cou na samaki anayeruka.

Sahani ilipotua mama alinyamaza. Ugali. Wa manjano, laini, umesongwa pamoja na bamia, umegeuzwa kwenye bakuli ukatoka mviringo, na juu yake mchuzi wa samaki. Samaki mwenyewe alimtambua kwa mabawa aliyoyaona kwa wauzaji: "Huyo ni panzi." Akamwomba mpishi amwonyeshe alichosongea. Mama wa watu akaingia ndani akatoka na mwiko, mpana, wa mti, tofauti na wetu ni mpini tu. Wakasimama pale wanawake wawili wazee, mmoja haelewi neno la mwenzake, kila mmoja anamwonyesha mwenziwe kwa mkono anavyosonga. Hukumu ya mama tukiwa garini: mchuzi mzuri, ila ugali wa kuchanganya na bamia ni kumnyima mlaji uamuzi.

Ufukwe mmoja wa kusini tuliupita ukiwa umejaa mwani wa kahawia, chungu nzima, unanuka. Ni sargassum, ambayo tangu mwaka 2011 imekuwa ikielea kwa wingi na kutupwa kwenye visiwa hivi, hasa miezi kama hiyo. Mama akatikisa kichwa: kwetu wanawake wanashinda majini kiunoni wakiupanda mwani, huku unawafuata wenyewe nao wanaufukuza kwa tingatinga. Si aina moja, lakini sikumkatiza.

St. Lucia ni milima. Kama magoti yako ni kama ya mama, au tumbo lako haliwezi kona, jua kwamba kutoka Castries hadi Soufrière kwa gari ni zaidi ya saa moja ya kujikunja. Mwisho wake kuna Pitons, vilele viwili vinavyochomoza kutoka baharini kama meno, kikubwa kikikaribia mita 800, na karibu yake ardhi inayotoa moshi wa kiberiti na tope la moto ambalo watalii wanajipaka. Mama alikataa tope. Alichotaka ni kile kinachochomwa juu ya moto kando ya barabara: shelisheli. Nyumbani hulila la kuchemsha au la nazi; pale linababuliwa zima mpaka ganda linakuwa jeusi, kisha linapasuliwa, linapakwa siagi. Dereva akatueleza mti ule haukuwa wa kwao. Uliletwa Karibiani na nahodha Bligh mwaka 1793 kutoka Tahiti, kwa ajili ya kuwalisha watumwa wa mashamba ya miwa kwa gharama ndogo. Mama alikula lake akamaliza, akasema polepole, "Kumbe na sisi tunakula tu, hatuulizi limefikaje."

St. Kitts mvua ilinyesha mchana kutwa, mama akabaki melini akifuma. Mimi nilizunguka Basseterre dakika arobaini nikarudi nimelowa. St. Maarten ni kisiwa kimoja chenye nchi mbili, Waholanzi kusini na Wafaransa kaskazini, waligawana mwaka 1648, na unavuka mpaka bila mtu kukuomba karatasi. Tulikwenda Maho kuona ndege zikitua juu ya vichwa vya waogaji. Ni kweli zinapita chini kiasi hicho. Ndege ya tatu mama alisema inatosha.

Ugomvi sasa. Usiku wa mwisho bili ikaja na dola 139 za kusingwa mwili. Hatukukanyaga huko. Foleni ya mapokezi ilikuwa saa moja na robo, na kijana wa pale akaniuliza kama labda mama alikwenda peke yake bila kuniambia. Mama alipotafsiriwa hilo alisimama wima, magoti na yote. Pesa ziliondolewa. Angalia bili yako kila siku kwenye televisheni ya chumbani, usingoje mwisho.

Hesabu yetu, watu wawili: chumba pamoja na kodi na ada za bandari dola 1,780, bakshishi ya lazima dola 224, ukiongeza ndege kutoka Houston, hoteli ya San Juan, madereva na vyakula vya nje, karibu dola 3,100. Intaneti na vinywaji vya kulipia hatukununua. Bei ilikuwa ya chini kidogo kwa sababu msimu wa vimbunga huanza rasmi tarehe 1 Juni, ingawa hatari yake kubwa huwa Agosti hadi Oktoba. Ukitaka utulivu zaidi nenda kati ya Januari na Aprili, utalipa zaidi.

Ninawapa nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa bili na ile foleni. Kwa mwakani nimeshaweka amana, safari hii chumba chenye dirisha. Mama ameniagiza niulize kama inaruhusiwa kupanda na unga wake.