Zau, Bayek na shamba la babu: nilichocheza miezi hii

Kwanza niseme nilipochezea. Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga, na PS5, mashine ya gemu ya PlayStation 5, sina. Barabara ya pili kutoka kibandani kwangu kuna kijana ana banda la gemu: TV nne, tatu za PS4 na moja ya PS5, hiyo mpya saa moja shilingi 2,000. Pale ni mpira tu, asubuhi mpaka usiku. Nilimwomba aniwekee gemu la Tales of Kenzera: Zau, hela ya kulinunulia nikatoa mwenyewe, dola 20 kasoro senti moja, na makubaliano yetu yakawa nije baada ya isha, vijana wakishapungua.

Nililitaka kwa sababu moja tu: nilisikia linazungumza Kiswahili, wahusika wenyewe wanatamka. Usiku wa kwanza niliingia kwenye mipangilio nikabadili sauti. Zau alipofungua mdomo, vijana wawili waliokuwa wanabishania penalti kwenye TV ya pembeni wakageuka. Mmoja akaniuliza, "Kaka, hii katafsiri DJ gani?" Kwa kweli hakukosea kuuliza. Sisi tumezoea filamu za Korea na India ambazo mtu mmoja anatupigia kelele juu ya sauti za waigizaji. Nikamwambia hapana, hivi ndivyo lilivyotoka kiwandani. Akavuta kiti, na ule mpira haukumalizika.

Kisa chenyewe ni hiki. Zau ni mganga kijana aliyefiwa na baba yake na hataki kukubali. Anamwita Kalunga, mungu wa mauti, anapatana naye: nitakuletea roho kubwa tatu zilizokukatalia, nawe unirudishie baba. Lakini hadithi hiyo iko ndani ya hadithi nyingine. Anayeisoma ni Zuberi, kijana wa mji wa siku zijazo, naye kafiwa na baba yake, na kitabu hicho kaandikiwa na huyohuyo marehemu.

Hapo kwenye kitabu nilisimamisha gemu. Marehemu baba naye alikuwa fundi, na alichoniachia zaidi ya cherehani ni daftari la vipimo vya wateja: kifua, kiuno, urefu wa mkono, na pembeni maneno mawili matatu kwa mwandiko wake, "huyu apewe nafasi tumboni", "huyu halipi mapema". Ni miaka miwili sasa na bado nalifungua hata pale nisipolihitaji. Kwa hiyo Zuberi alipoanza kusoma, sikuhitaji kuelezwa anatafuta nini mle.

Jambo lililonifurahisha mno ni heshima. Kwenye filamu zetu mganga ni mzee wa tunguri anayechekesha au tapeli. Humu mganga ni mtabibu, mtu wa kutuliza waliokufa na walio hai, na gemu haliombi radhi kwa hilo. Roho zenyewe zimetoka kila upande wa bara: Impundulu, ndege wa radi wa Wazulu na Waxhosa, GaGorib wa simulizi za Wakhoikhoi, Kikiyaon, bundi wa huko Afrika Magharibi. Na Kalunga hakufanywa shetani. Anatembea na Zau kama mzee aliyetumwa kukaa na wafiwa, anauliza maswali, anasubiri jibu.

Kucheza kwake: una vinyago viwili. Cha jua ni cha kupigana karibu, mikuki ya moto, mwendo wa ngoma. Cha mwezi kinarusha vishale vya mwanga kutoka mbali na baadaye kinagandisha maji yanayoporomoka ili uyapande. Maadui wengine wana ngao ya rangi ya kinyago kimojawapo, kwa hiyo unabadilisha katikati ya ruko, na vidole vikishazoea unaona kama unacheza msondo. Rangi zake nazo! Mimi nashinda na vitenge mchana kutwa, na bado nilikaa nikitazama tu nguo ya Zau inavyopepea.

Kuna mibuyu. Ukiufikia mbuyu, Zau anakaa chini yake anamkumbuka baba yake, na akiinuka uhai wake umeongezeka. Nimeufikiria sana mpango huo. Magemu mengi yanakuongezea nguvu kwa kuua. Hili linakuongezea kwa kukaa na kukumbuka. Kwetu matanga yana siku zake, ikipita arobaini watu wanatawanyika na wewe unatakiwa uwe umeshapoa. Pale chini ya mbuyu hakuna anayekuharakisha.

Upungufu upo. Maadui ni wa aina chache, kufika nusu umeshawajua wote, na kuna sehemu za miiba ambapo kosa moja ni kifo, unarudishwa nyuma. Pia ni fupi. Nililimaliza kwa saa tisa na dakika kadhaa. Hayo hayakunipunguzia kitu, ila mtu aliyezoea gemu la kumla mwezi mzima ajue hilo kabla ya kulipa.

Aliyeliongoza ni Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya, na studio yake ya Surgent. Lilitoka Aprili 2024. Baba yake alikufa kwa saratani, na gemu hili amelitengeneza kutokana na msiba huo. Nilipojua hivyo nikakumbuka sauti yake. Ndiye Bayek wa gemu la Assassin's Creed Origins la mwaka 2017, na banda letu linalo hilo tangu zamani kwenye PS4, halichezwi na mtu. Nikalirudia. Bayek ni mlinzi wa Siwa, Misri ya wakati wa Kleopatra, aliyeuliwa mwanawe Khemu. Yaani mtu mmoja: huku ni baba anayemlilia mtoto, kule ni mtoto anayemlilia baba. Gemu la Bayek ni pana kupita kiasi, nimechoka kukimbiza farasi jangwani, na msiba wake muda mwingi unageuka kisasi. Ila ile sauti ikisema jina la Khemu, sikiliza.

La tatu nacheza kwenye simu, kwenye daladala nikienda kununua vitambaa mjini. Stardew Valley, dola tano hivi, haina matangazo na haili bando, maana ukishaipakua inacheza bila intaneti. Kaitengeneza mtu mmoja, Eric Barone, peke yake kwa zaidi ya miaka minne, michoro, muziki, maneno, kila kitu, ikatoka 2016. Babu yako amefariki amekuachia shamba limejaa mawe na magugu. Unaanza na mbegu 15 za mboga ya mzizi mfano wa karoti nyeupe, na sururu. Kiswahili hamna, na majira yake ni manne ya siku 28 kila moja, si masika na vuli yetu; nilipoteza nyanya zangu zote siku majira ya majani kupukutika yalipoingia kwa sababu sikuamini kwamba zitanyauka usiku mmoja. Kuvua samaki kulinitesa wiki nzima. Kupanda, kumwagilia na kuuza ndiko kunakonituliza, hasa nikitoka kugombana na mteja wa sare za harusi.

Mwaka wa tatu ukianza, babu anarudi kama kivuli kukagua ulichofanya na shamba lake, na mishumaa inawashwa kwenye madhabahu yake ya kumbukumbu kadiri ulivyojitahidi. Minne ndiyo ya juu. Mimi niko mwaka wa pili, majira ya majani kupukutika, siku ya 19. Maboga yanaiva keshokutwa. Yule kijana aliyeniuliza habari za DJ amefika kwa Kikiyaon sasa, analipia mwenyewe saa zake.