Nimejaribu micro-ROS kwenye Raspberry Pi Pico: namba zinafika, maneno yanapotea!

Haya karibuni tena wapendwa! Leo tunaijaribu micro-ROS, yaani toleo dogo la ROS 2 (mfumo wa programu za roboti) kwa ajili ya bodi ndogo kama Pico, na swali langu ni moja tu: ujumbe ukitoka kwenye kompyuta, bodi inaupokea au haiupokei? Sifa za bodi mnazijua, kwa hiyo sizirudii. Kumbukeni tu RAM, yaani kumbukumbu ya bodi, ni KB 264, maana hiyo ndiyo itakayotutesa leo.

Ajenti, ile programu ya micro-ROS, tayari anafanya kazi kwenye kompyuta, waya wa USB umechomekwa. Bila ajenti hakuna kitu, yeye ndiye mkalimani kati ya bodi na ROS 2. Tunaanza na Int32, ujumbe wa namba. Natuma 1... mmeona taa? Imewaka! Natuma 0, imezima. Jamani, bodi ndogo hivi imekuwa nodi kamili ya ROS 2, yaani mshiriki kamili wa mfumo. Wale wa rosserial, njia ya zamani ya kuunganisha bodi, ile ilikuwa ya ROS 1, na ROS 1 ilifungwa rasmi Mei 2025. Hameni.

Sasa njooni hapa karibu, hapa ndipo nilipokasirika. Nabadilisha aina ya ujumbe, naweka String, yaani maandishi. Natuma neno "washa". Tazameni taa. Kimya. Natuma tena. Kimya! Nauliza kwa amri ya ros2 topic info, inaniambia msikilizaji yupo, mmoja. Nafungua echo, amri ya kuonyesha ujumbe unaopita, kwenye terminali nyingine, neno linapita mbele ya macho yangu. Sasa linaishia wapi? Nimekesha na hili, nimebadilisha mpaka waya.

Kumbe kwenye bodi hakuna anayekutengea nafasi ya maandishi. Namba ina ukubwa unaojulikana, neno halina. Ni wewe mwenyewe utengeneze bafa, yaani nafasi ya kuhifadhia maandishi, kisha ujaze sehemu tatu za ujumbe: data uielekeze kwenye bafa hiyo, size uweke sifuri, capacity uandike ukubwa wa bafa. Usipofanya hivyo ujumbe unatupwa, na fanksheni yako ya kupokea ujumbe haiitwi kabisa.

Naweka capacity 20. "Washa"... imewaka! Sasa natuma sentensi ndefu, "tafadhali washa taa ya mbele sasa hivi". Kimya tena, imezidi bafa. Naongeza mpaka 100, natuma ileile... hiyo hapo!

Sababu naielewa, kumbukumbu ni ndogo na lazima ujue kila baiti inakwenda wapi. Ila kukaa kimya hivi, hapana, hilo silikubali. Hata taa moja ipepese mara mbili tujue kuna ujumbe umetupwa!

Je, nitaendelea nayo? Ndiyo, tena kwa moyo wote. Kwa bodi ya bei ya chini namna hii, kuendesha mota na kusoma sensa ndani ya ROS 2 bila kununua kompyuta ndogo nyingine, sioni cha kuishinda. Video ijayo ni ESP32, bodi nyingine, kwa Wi-Fi, bila waya. Kama hujajisajili kwenye chaneli, jisajili sasa, na uniandikie hapo chini bafa yako umeiweka ngapi.