Mkanda wa mapigo ya moyo kwa timu ya kikapu: miezi minane ya kuutumia

Kwa asiye na muda wa kusoma hadi chini: nyota tatu kati ya tano. Mkanda si mbovu, ila kazi niliyoununulia imekuja kufanywa na daftari la shilingi hamsini.

Nafundisha vijana mpira wa kikapu hapa Malindi, kiwanja cha saruji, hakina paa. Januari tulichangishana na wazazi kadhaa tukaagiza mikanda miwili ya kuvaa kifuani, ile inayosoma mapigo ya moyo na kuyatuma kwenye simu. Kila mmoja ulipita elfu kumi na mbili. Kilichonisukuma ni magoti. Msimu uliotangulia wachezaji watatu walikaa benchi kwa maumivu chini ya pia ya goti. Nilijua nawabebesha mzigo mkubwa, lakini ni mazoezi ya siku gani yaliyowaumiza, hilo sikulijua.

Kuutumia hakuna ugumu. Unalowesha upande wa ndani, unaubana chini kidogo ya matiti, basi. Usipoulowesha utakwambia kijana anayekimbia ana mapigo 40. Jasho likishatoka unatulia, na Malindi jasho hatununui.

Kero ya kwanza ilikuwa mawasiliano. Kiwanja kina urefu wa mita 28. Nikisimama na simu nyuma ya goli moja, aliye goli la pili anapotea kabisa. Dawa yake ni kukaa usawa wa mstari wa kati na usitembeetembee, jambo ambalo kocha yeyote anajua haliwezekani. Ya pili ni chumvi. Jasho lina chumvi, na maji ya kisima chetu yana chumvi vilevile, kwa hiyo vifungo vya chuma vya mkanda mmoja vilianza kushika kutu mwezi wa tano. Sasa naisuza kwa maji ya kununua. Mcheke tu.

Halafu programu yenyewe. Inakadiria kilele cha mapigo kwa kutoa umri kwenye 220, kwa hiyo wa miaka 19 inampa 201. Kijana wangu mmoja wa umri huo alifika 206 kwenye mechi akiwa mzima, simu ikapiga kelele kama king'ora. Hesabu ile ni wastani wa watu wengi, na moyo wa mtu mmoja unaweza kuzidi au kupungua kwa mapigo kumi na zaidi. Nikabadilisha kwa mkono, nikaweka kile nilichokiona uwanjani.

Machi ndiyo ilinivuruga zaidi. Joto la mwisho wa kaskazi, na Ramadhani juu yake. Tulihamisha mazoezi baada ya tarawehe, tukapunguza muda, na bado namba zilikuwa juu kuliko za Januari. Mwili ukipungukiwa na maji moyo hupiga haraka zaidi kwa kazi ileile. Sasa hapo niseme mzigo umepanda au umeshuka? Mkanda haukuambii. Kusi lilipokaza, mazoezi yaleyale yakaonekana mepesi.

Lakini kilichobadilisha mawazo yangu ni jioni moja ya Juni. Nina mchezaji mmoja wa nafasi ya mlinzi, mtoto wa mvuvi. Mkanda ulionyesha kwamba siku hiyo hakujituma. Nikamwita pembeni, nikamwuliza mazoezi yamekuwa magumu kiasi gani, sifuri hadi kumi.

"Nane, kocha."

"Nane wapi? Mashine inasema umepumzika."

"Mashine haikuwa nasi baharini tangu saa tisa usiku, kocha."

Walivuta nyavu hadi jua likachomoza, akabeba samaki, akalala kwa saa mbili tu, ndipo akaja kwangu. Miguu ilikuwa imekwisha, hakuweza hata kuufikisha moyo pale juu. Mimi nikasoma uchovu nikauita uvivu.

Tangu siku hiyo nauliza kila mtu, naandika jibu kwenye daftari. Njia si yangu. Kipimo cha kukadiria ugumu kilianzia kwa Gunnar Borg wa Uswidi, na Carl Foster wa Marekani ndiye aliyezidisha jibu kwa dakika za mazoezi. Dakika 90 kwa ugumu wa 6 ni 540. Unajumlisha wiki nzima, kila mchezaji na mstari wake. Uliza kama nusu saa baada ya kumaliza, maana ukiuliza papo hapo watakupa ugumu wa ile mbio ya mwisho tu. Na uliza mmoja mmoja. Nilipouliza mbele ya wote, nahodha alisema nne, na timu nzima ikasema nne.

Wiki tatu tu, daftari likaniumbua. Alhamisi, siku niliyoiita nyepesi, wao waliipa saba. Nilikuwa nawapa siku nne nzito zilizofanana, bila hata moja ya kupumua.

Na yale magoti? Moyo hauhesabu miruko. Mchezaji anaweza kuruka mara sitini kugombania mpira unaogonga ubao huku mapigo yakiwa ya wastani tu, na saruji haimwonei huruma anapotua. Hiyo nimelazimika kuihesabu kwa macho, na mazoezi ya kuruka nimeyabakiza mara mbili tu kwa wiki.

Mkanda mmoja nimeubakisha kwa wanaorudi kutoka kwenye jeraha au malaria, ili nione moyo unashuka upesi kiasi gani wakikaa chini baada ya mbio. Hapo unastahili pesa yake yote. Ule wenye kutu yuko nao yule mlinzi. Ameomba auvae usiku mmoja baharini, tuone.