Canon 200D kwa picha za vyumba: uzoefu wangu na braketi ya ekspoja

Mimi napiga picha za nyumba za wageni hapa Mji Mkongwe, zile ambazo mwenye gesti anaziweka mtandaoni watu wabuki. Kamera ninayotumia ni Canon EOS 200D, ile iliyotoka 2017, nilichukua yuzdi na lenzi yake ya 18-55. Watu wengi wananiuliza hivi kakamera haka kanaweza kweli kazi ya vyumba? Kanaweza, ila uijue braketi yake, yani kupiga picha ileile mara kadhaa kwa mwanga tofauti halafu unaziunganisha, maana bila hiyo utapata chumba kizuri na dirisha jeupe pee, au bahari ya kupendeza na chumba kiza totoro.

Vyumba vya huku ndo mtihani wenyewe. Ukuta wa chokaa, dari ya boriti nyeusi, kitanda cha semadari, halafu dirisha moja linatazama bahari saa saba mchana jua linawaka. Ukipima kwa apecha (tundu la lenzi) ya f/8 na ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) ya 100, unakuta nje kunataka shata ya 1/500 ya sekunde na pembe ya chumba inataka 1/4, yani stopu saba zimepishana hapo, na kila stopu moja ni mwanga mara mbili. Ukipiga RAW, lile faili ghafi la kamera, kivuli utakivuta, sawa, lakini ukikivuta sana ile mbao ya semadari inajaa chenga, na mwenye nyumba kitu cha kwanza anachotazama ni hicho kitanda chake.

Braketi iko kwenye menyu pamoja na ekspoja kompenseshoni (ya kuongeza au kupunguza mwanga), imeandikwa AEB, yani braketi ya kujiendesha. Inatoa fremu tatu, ya kawaida, ya giza na ya mwanga, na unaweza kuziachanisha mpaka stopu 2 kila upande. Kama ya kati ni 1/60 basi nyingine zinatoka 1/250 na 1/15. Mi naweka Av, ile modi unachagua apecha mwenyewe na kamera inachagua shata, ili apecha itulie palepale na shata ndo icheze, kwa sababu apecha ikibadilika na sehemu iliyo kali inabadilika, sasa utaziunganisha vipi? Na taima ya sekunde 2 ni lazima, maana ukiiweka hiyo inapiga zote tatu mfululizo yenyewe huigusi, wakati kwenye modi ya fremu mojamoja unabonyeza mara tatu na kila ukibonyeza tripodi inatikisika.

Sasa mtasema tatu hazitoshi kwa stopu saba. Kweli hazitoshi. Ninachofanya nasogeza fremu ya kati ya braketi kwa kompenseshoni, raundi ya kwanza naiweka -2, ya pili +2, kwahiyo napata kuanzia -4 mpaka +4, fremu sita ila ya sifuri inajirudia, hiyo moja unaitupa. Kamera zenye braketi ya fremu tano au saba zinafanya hivi kwa mkupuo mmoja, lakini bei yake nayo si ya kuulizia kama una moyo dhaifu.

Kuunganisha nafanyia Lightroom, programu ya kuhariri picha, na hapo ndo watu wanapoharibu, wanavuta mpaka chumba kinang'aa kila kona hakuna hata kivuli, rangi zimefura, mgeni akifika anaona amedanganywa. Acha dirisha liwe na mwanga kidogo bana, ni dirisha. Halafu zima feni ya dari kabla hujaanza na pazia ulifunge pembeni lisipepee, la sivyo feni inatoka na mapanga kumi na mbili. Minazi ya nje ikiyumba chukua nje kutoka fremu moja tu ile ya giza, usichanganye. Wazo lenyewe la kuunganisha wala sio jipya, Mfaransa Gustave Le Gray miaka ya 1850 alikuwa anachukua mbingu kwenye negativu moja na bahari kwenye nyingine, anachapa picha moja.

Cha kuzoea: ukizima kamera AEB inafutika, na flashi ikishakuwa tayari inafutika pia, ndivyo ilivyotengenezwa. Kwahiyo kila chumba naangalia zile alama tatu za AEB kwenye skeli ya ekspoja kabla sijapiga. Betri haijanisumbua, na kioo kinachogeuka kinasaidia sana ukiwa umebanwa kwenye kona ya choo, na vyoo vya huku mnavijua.

Kama unachagua kati ya hii na Nikon D3500, ujue ile Nikon braketi ya kujiendesha haina, utabadilisha kwa mkono kila fremu. Inawezekana, ila unaigusaigusa kamera na fremu zinahama.

Wapiga picha wa harusi, AEB mnaweza kuisahau tu, bi harusi hatulii fremu tatu. Nyie shikeni kompenseshoni. Mita ya kamera, ile inayopima mwanga, inataka kila kitu kiwe kijivu cha wastani, kwahiyo kanzu nyeupe na ukuta wa chokaa vinatoka kama havijafuliwa, ongeza +1 au +1 na theluthi mbili, na mabuibui meusi yakijaa fremu punguza -1. Uso mweusi mbele ya ukuta mweupe ongeza, usiogope, washa tu ile alama ya kupepesa kwenye kioo, inayoonyesha palipozidi mwanga, ikipepesa ukutani poa, ikipepesa kwenye gauni teremsha theluthi moja upige tena.