Uzoefu wangu: Land Cruiser pikapu ya mwaka 1981 na injini ya 1HZ, hapa Mbeya

Ninauza viazi. Nanunua Isyonje, Kitulo na Matamba, nauza Uyole na mara nyingine nafika hadi Makambako. Gari langu ni Land Cruiser pikapu FJ45 ya mwaka 1981 aliyoniachia marehemu baba. Bodi bado ngumu, chesisi haina kutu ya kutisha, na hadi mwaka jana ilikuwa na injini iliyozaliwa nayo: 2F ya petroli, silinda sita, cc 4,230. Miezi kumi na moja iliyopita niliitoa nikafunga 1HZ ya dizeli. Kila nikishusha mzigo sokoni kuna mtu anafungua boneti na kuniuliza nilifungia wapi, shilingi ngapi, inakula mafuta kiasi gani. Nimeona niandike yote mara moja.

Mtu niliyemuuliza kabla ya kuanza aliniambia ni kazi ya wiki mbili na milioni kumi na laki sita. Ilichukua wiki saba na milioni kumi na tatu na nusu. Hata hivyo nimeridhika, na kama gari lingekuwa na injini ile ya zamani leo, ningefanya tena. Ila pesa na usingizi vilinipotelea kwenye vitu vinavyoizunguka injini, ambavyo wakati wa kupigiwa hesabu hakuna aliyevitaja.

Kwanza niseme kwa nini niliachana na 2F. Haikuwa injini mbaya. Baba aliitunza, na ilikuwa na sauti laini ambayo mama hadi leo anaisema. Lakini nikiwa na gunia kumi za viazi, lita moja ya petroli ilinipeleka kilomita nne tu. Huku juu hewa ni nyepesi, kabureta inaendelea kumwaga petroli kama iko Dar, plagi zinakuwa nyeusi, gari linakohoa. Wanaoijua barabara ya kutoka Chimala kupanda Matamba, ile ya kona 57, wanajua ninachosema. Kijana wangu alikuwa anakaa na madumu mawili ya maji miguuni, kwa sababu lazima tuchemshe njiani angalau mara mbili. Tukisimama tunasubiri rejeta ipoe, tunaongeza maji, tunaendelea. Faida ya gunia mbili ilikuwa inaishia kwenye tangi.

Nilichagua 1HZ kwa sababu naiona kila siku. Ndiyo iliyo kwenye Land Cruiser mkonga nyingi za hospitali, za hifadhi na za miradi, kwa hiyo spea zake hazinisumbui na mafundi wameizoea. Ni silinda sita, cc 4,164, haina turbo, pampu yake ya mafuta ni ya kimakanika na haihitaji kompyuta. Anayetaka mbio asiifunge. Kiwandani wanaiandikia nguvu za farasi karibu 130 tu. Nguvu yake ya kuvuta inafika juu kabisa kwenye mizunguko kama 2,200 kwa dakika, yaani pale pale ambapo mimi na mzigo wangu tunaishi, gia ya pili, mlimani. Kwa ukubwa haijapishana sana na 2F, kwa hiyo usitegemee gari jipya kwa kasi. Tegemea gari linalokula kidogo na lisilochoka.

Injini nilinunua Dar, imetumika, imekuja na giaboksi yake ya gia tano. Pamoja na usafiri hadi Mbeya ilinigharimu milioni tisa na laki nne. Nilienda mwenyewe. Niliomba iwashwe ikiwa ya baridi, nikaweka kiganja juu ya block, yaani mwili wa injini, kabla hawajawasha ili nijue kweli ni ya baridi. Ilipowaka nilifungua kifuniko cha oili nikakiacha kimekaa juu bila kukifunga. Injini iliyokwisha ringi inapumua hapo hadi kifuniko kinacheza, hii ilitoa mvuke kidogo tu. Nikaangalia chini ya kifuniko kama kuna ute mweupe wa maji kuingia kwenye oili, hakuna. Nikapasha hadi ikapata moto, nikatazama rejeta kama inatoa mapovu, kwa sababu 1HZ iliyowahi kuchemsha vibaya huwa silinda hedi yake imepasuka. Haikutoa. Nikalipa nikiwa na raha. Kitu kimoja sikukitazama, na hakuna aliyenionyesha.

Gereji ya kwanza, hapa hapa mjini, vijana walifanya kazi ya chuma vizuri na sitawanyima sifa hiyo. Walikata maunti (vishikizo vya injini) za zamani wakachomelea mpya, wakaipima injini mara tatu hadi feni ikakaa katikati ya rejeta. Giaboksi ya gia tano ni ndefu kuliko ile ya nne, kwa hiyo propela shafti ya nyuma ilifupishwa na ya mbele ikaongezwa, zikapelekwa kubalansiwa. Tangi lilishushwa likaoshwa petroli yote itoke, ikawekwa filta ya dizeli yenye kikombe cha kutenga maji, na bomba la kurudisha mafuta tangini, maana pampu ya dizeli inarudisha yaliyozidi. Taimingi belti niliwaambia wabadilishe hata kama ya zamani inaonekana nzima. Injini ya kununua huijui historia yake, na kwenye 1HZ belti ikikatika valvu zinakutana na pistoni.

Siku ya kuwasha, stata ilizunguka kama mtu aliyeamshwa usiku wa manane. Mara moja, mara mbili, kimya. "Mama, betri yako imechoka," wakaniambia. Nikanunua betri mpya, kubwa. Ikawa vile vile. Wakasema pampu ina hewa, wakatoa hewa siku nzima. Wakasema nozo, zikapelekwa kupimwa, zikarudi ziko sawa. Siku ya nne akaja fundi umeme, kijana mdogo hata ndevu hajaota, akalala chini na kitambaa chenye petroli, akafuta grisi kwenye stata. Akaniita. "Dada, hebu inama uone hapa." Kulikuwa na kibati kidogo chenye herufi zilizofifia: 24V. Gari langu ni volti 12.

Injini ilikuwa imetoka kwenye gari la soko la Japani, na Land Cruiser nyingi za dizeli za huko zilikuwa na umeme wa volti 24. Stata, alteneta, heater plug zote sita (zinazopasha injini kabla ya kuwasha) na ile valvu ndogo juu ya pampu inayofungua na kukata mafuta ukigeuza swichi, vyote vilikuwa vya 24. Aliyeniuzia aliiwasha dukani kwa betri mbili mbele ya macho yangu, na mimi nikiwa nimeshika kiganja changu kwenye block sikuzihesabu betri. Kwenye risiti hakuandika chochote. Nilipompigia alisema injini ni nzima, na kweli ni nzima. Nilichagua kurudi volti 12, kwa sababu taa, honi na wipa za gari ni za 12 na kubadilisha gari zima kungekula zaidi. Stata na alteneta peke yake ilikuwa laki saba na elfu themanini. Ukienda kununua, kabla hata hujauliza bei, futa kile kibati usome.

Ikawaka. Ikatoa moshi mweusi kama tanuri la matofali. Pampu ilikuwa imesetiwa kwa hewa ya sehemu za chini, na Mbeya iko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mafuta yanaingia mengi, hewa ya kuyachoma haitoshi. Fundi pampu alipunguza skurubu ya mafuta, tukatoka naye hadi mlimani na kurudi mara mbili, akapunguza tena. Sasa ikiwa na mzigo inatoa kivuli tu cha moshi pale ninapobadilisha gia. Kuna waliosema niongeze turbo ili kufidia hewa. Fundi pampu alikataa, na namshukuru. Pistoni za 1HZ hazikutengenezwa kwa ajili ya turbo, na joto la turbo likizidi linaanzia hapo kuua injini.

Sasa breki. Hapa nitakaa kidogo.

Injini ya petroli inavuta hewa kwa taabu kupitia kabureta, na ule mvuto ndio unaosaidia busta ya breki, kile kifaa kinachouongezea mguu nguvu. Dizeli haina kizuizi kile, kwa hiyo haina mvuto wa kukopesha. 1HZ ina pampu yake ya vakyumu, yaani ya kutengeneza mvuto huo, kwa ajili ya breki. Gereji waliunganisha pampu hiyo na busta yangu kwa hozi. Tukajaribu uwanjani, pedali laini, gari linasimama. Nikasaini, nikalipa, nikachukua gari langu.

Wiki ya pili nikatoka Isyonje na gunia tisa kuteremka Uyole. Aliyepita barabara ile anajua mteremko wake. Nikakanyaga breki, ikashika. Nikakanyaga tena, ikashika. Mara ya tatu pedali ikawa jiwe. Nilisimama juu yake kwa miguu miwili, gari linapunguza kidogo mno, mbele yangu kuna basi dogo linashusha abiria. Nikarudisha gia ya pili, injini ikapiga kelele, nikavuta hendibreki taratibu, tukapita pembeni kwenye majani na kusimama kwenye tuta la udongo. Hakuna aliyeumia. Kijana wangu alishuka akakaa chini na hakusema neno kama dakika kumi. Gunia moja lilipasuka, viazi vikatawanyika barabarani, na wanafunzi waliokuwa wanapita wakavikusanya vyote wakarudisha, Mungu awabariki.

Gereji waliniambia pedi zimekwisha. Nilikataa. Nikalipeleka gari kwa mzee mmoja Mbalizi aliyefanya kazi ya mitambo mikubwa ujana wake wote. Hakufungua gurudumu hata moja. Aliwasha injini, akaagiza chai, akaiacha iungurume nusu saa hadi ikapata moto sawasawa. Kisha akaninong'oneza, "Mwanangu, kanyaga, achia, kanyaga," huku mkono wake uko kwenye ile hozi ya vakyumu. Akaniita nishuke nione. Ilikuwa hozi laini ya kupitishia petroli. Ikiwa baridi imejaa vizuri; ikipata moto na kuvutwa kwa ndani, inalala bapa kama utumbo mtupu na njia inaziba. Tena hawakuweka valvu ya kuzuia hewa isirudi. Uwanjani asubuhi breki nzuri. Mlimani mchana huna breki. Mzee aliweka hozi ngumu ya vakyumu yenye nyuzi ndani, valvu mpya, akabadilisha na mpira wa busta. Laki tatu na nusu. Nilimwambia ndaga fijo, asante sana kwa Kinyakyusa, na machozi yakanitoka pale pale gerejini kwake.

Siku hizi nikimsikia mtu anataka kufunga dizeli kwenye gari la petroli namuuliza breki atapata wapi vakyumu. Usipokee gari kabla hujateremka nalo mlima likiwa na moto na mzigo, na fundi aliyelifunga akiwa amekaa pembeni yako.

Mengine kwa kifupi. Rejeta ya zamani haikutosha, nikanunua kubwa zaidi. Namba ya injini na aina ya mafuta vimeandikwa kwenye kadi ya gari, kwa hiyo nilipeleka gari likakaguliwe na trafiki kisha nikafuata mabadiliko TRA. Risiti ya kununulia injini iwe na namba ya injini, bila hiyo utazunguka sana. Na andika DIZELI kwa rangi kubwa kwenye mfuniko wa tangi. Kituo ninachojaza siku zote wananijua kwa petroli miaka mingi, na kijana mmoja alikuwa ameshaingiza bomba nilipopiga kelele.

Mafuta: ikiwa tupu napata kilomita nane kwa lita, na mzigo saba. Nimepima mara nyingi kwa kujaza tangi hadi juu, sikisii. Mwezi Julai Kitulo kunapoganda, majani ni meupe asubuhi, nashikilia heater plug sekunde kama kumi na tano, inashika mara ya kwanza.

Sauti imebadilika, hilo mama hajalipenda. Anasema gari la baba lilikuwa linaongea na hili linasaga mahindi. Lakini mwezi uliopita alipanda nami kwenda Matamba kumsalimia dada yake. Kona ya kwanza hadi ya hamsini na saba hatukusimama. Juu kabisa aligeuka akatazama miguuni kwa kijana wangu, akauliza madumu ya maji yako wapi.