Tuisheni ya Mwalimu Bibi, Nkuhungu: nyota nne

Kwanza niseme kabisa, hapa naongea simu ndo inaandika, kwahiyo mkikuta sentensi imekimbia kama lori lisilo na breki mnivumilie. Mimi ni fundi alumini, madirisha na milango, toka serikali ihamie huku Dodoma kazi hazikosekani, ila kuandika sio fani yangu na huko mbele mtaelewa kwanini.

Nataka niwaambie kuhusu mama mmoja mwalimu mstaafu anafundisha watoto kwenye baraza la nyumba yake huku Nkuhungu. Watoto wanamwita Mwalimu Bibi. Jina lake na namba kanikataza nisiweke, anasema watoto sita wanamtosha na mgongo haumruhusu zaidi.

Mwanangu Elia mpaka anafika darasa la nne kusoma hajui. Na sio mtoto mzito, hapana, karakana kwangu ukimpa tepu anakupimia dirisha na kukutajia vipande vyote vya kukata kichwani kabla sijatoa kalamu. Lakini mpe kitabu, anabaki anakitazama tu. Siku moja nimeshika daftari lake, insha ya Familia Yangu, kaandika "dada yangu ni fundi". Nikamuuliza dada gani we, mbona mama yako kazaa wanaume watupu? Akaniangalia kama vile mimi ndo sijui kusoma, akasema si wewe baba. Alikuwa ameandika baba, b zote zimegeuka. Mwalimu kampa mbili ya kumi na viboko juu. Upimaji wa la nne akafeli, akarudishwa darasa.

Kabla ya kwa Bibi nilimpeleka tuisheni nyingine, sitaitaja, mia tano kwa siku, watoto kama sitini chumba kimoja na ukikosea unasimama juu ya benchi wenzio wakucheke. Ikawa ikifika saa kumi jioni tumbo linamuuma. Kila siku. Mama yake akampa dawa za minyoo mara mbili jamani, kumbe ni benchi.

Shemeji ndo akanielekeza kwa huyu mama. Nimefika, shikamoo mwalimu, marahaba, kaeni. Hakuuliza hela wala matokeo ya shule, akampa Elia ukurasa mmoja asome, akamsikiliza karibu dakika kumi bila kumkatisha hata mara moja. Alafu akanigeuzia kile kitabu, "Haya Baba Elia, na wewe nisomee hapa." Aisee. Jasho lilinitoka na ulikuwa mwezi wa saba, ule upepo wa baridi wa Dodoma mnaujua. Nikasoma mstari mmoja kama mtu anavuka matope na viatu vimebaki nyuma. Akasema basi inatosha, nimeshaelewa.

Akatuambia hii inaitwa disleksia, ubongo unasumbuka kuunganisha herufi na sauti yake, mara nyingi inatembea kwenye ukoo, na haina uhusiano na akili. Haina dawa na fimbo haiitoi, ila mtoto anafundishika akifundishwa taratibu na kwa njia yake. Yeye alisomea elimu maalum kule Patandi, Arusha, kwahiyo hakuwa anabahatisha. Mimi nimemaliza la saba kwa kukaa tu darasani, miaka yote hiyo najiita kichwa maji. Usiku sikulala, nikaiuliza simu ikawa inanisomea, kumbe tangu 1896 daktari wa Uingereza anaitwa Pringle Morgan aliandika habari za kijana wa miaka 14, hesabu anaweza vizuri, kusoma ndo hawezi, na mwalimu wake alikuwa anasema kama masomo yote yangekuwa ya mdomo basi huyu ndo angeongoza shule. 1896! Na mimi nimechapwa juzi tu hapa.

Sasa anafundishaje. Ana masinia, yale ya kuchagulia mchele, kamwaga mchanga wa korongoni aliouchekecha. Mtoto anachora herufi kwa kidole huku anaitamka, sio jina la herufi, sauti yake. Kwa b na d ana wimbo wake, "fimbo kwanza, tumbo baadae" hiyo ni b, "tumbo kwanza, fimbo baadae" hiyo d. Maneno marefu anayaandika kwenye boksi anayakata kwa mkasi, wa-li-vyo-te-nge-ne-ze-wa, mtoto anayapanga upya mezani kama vigae. Anasema kiswahili kina huruma, silabi inasomeka vilevile popote utakapoikuta, tatizo letu ni urefu tu. Na ana kipande cha boksi la sabuni kakata kitundu katikati, unakiweka juu ya kitabu unaona neno moja au mawili mengine yamefichwa. Mimi nauza madirisha mwaka wa kumi na mbili huu na sijawahi kuona dirisha lenye faida kama lile.

Usitegemee miujiza lakini. Miezi mitano ya kwanza sikuona kitu na nilitaka kumtoa, elfu thelathini kwa mwezi sio kidogo kwa mtoto mmoja. Mwezi wa sita toka aanze, tumepanda daladala ya Sabasaba, dogo akaanza kusoma mabango dirishani. Sauti ya chini, anatafuna silabi moja moja. Nikajifanya naangalia upande wa pili.

Mwaka jana kafanya la saba. Matokeo yalipotoka nikamwambia Elia jisomee mwenyewe, mi sigusi. Akaingia tovuti ya NECTA, wale baraza la mitihani, akatafuta mkoa, wilaya, shule, akaweka boksi lake lenye kitundu kama lile la Bibi juu ya kioo cha simu akawa analishusha mstari kwa mstari mpaka namba yake. Kiswahili B. Hisabati A. Sayansi A. Maarifa B, Uraia B. English D. Wastani B. Akarudia tena kusoma kuhakikisha asije akawa ameruka mstari. Mama yake alipiga vigelegele mpaka jirani wa nyuma akaja kuuliza nani anaolewa. Mimi nilitoka nje nikaenda kukagua tairi la pikipiki ambalo halikuwa na shida yoyote.

Haya mapungufu, maana sijalipwa kusifia. Ile D ya English haikuja bure, Bibi kiingereza anakipitia juujuu, na sasa dogo yuko form one masomo karibu yote ni kiingereza ambacho herufi zake hazina adabu, ukisoma "enough" kwa silabi unafika wapi? Nimemwambia, akakubali, akasema atatafuta mtu wa kusaidiana nae ila mpaka leo kimya. Simu hapokei. Risiti hatoi, anaandika kwenye daftari lake tu. Jirani kuna mashine ya kusaga, ikiwashwa hamsikilizani, kwahiyo Jumamosi wahi kabla ya saa tatu. Na choo jamani, mlango wake ni gunia. Nimejitolea kumwekea mlango wa alumini bure kabisa, anakataa, anasema mazoea ya zawadi yanaharibu kazi. Kwa hilo gunia nimezuia nyota moja.

Haya yote Elia ndo amepitia kabla sijaweka, dakika arobaini na boksi lake, ka-simu kakazimika katikati tukachaji. Kasahihisha maneno kumi na moja. Sehemu ya choo kaniomba niitoe, Bibi atajisikia vibaya. Nimeiacha, gunia ni gunia.