AntConc kwenye hotuba za Kiswahili: inayapata majipu, inapoteza kung'atuka

Anayetaka kuchunguza jinsi sitiari za wanasiasa zinavyowashika wasikilizaji hana haja ya kununua programu ya bei mbaya. AntConc, iliyotengenezwa na Laurence Anthony wa Chuo Kikuu cha Waseda, Japani, hupakuliwa bure na hufanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Ukishaiweka, hata intaneti ikikatika unaendelea na kazi. Unaipa hotuba zikiwa faili za matini, unaandika neno, nayo inakuletea kila mahali neno hilo lilipotokea pamoja na maneno ya kushoto na kulia kwake. Kwa hotuba za Kiswahili ni chombo kizuri sana, ila ukiitumia kama ilivyotoka kiwandani itakupotosha mara mbili kabla hujafika mbali.

Mara ya kwanza ni kwenye ritifaa, ile alama (') ya ng'. Kwa mpangilio wake wa awali, programu huhesabu herufi tu kuwa sehemu ya neno. Kung'atuka, neno ambalo Nyerere alilitoa katika Kizanaki na ambalo taifa zima lililijua alipoachia urais mwaka 1985, linakatwa vipande viwili: "kung" na "atuka". Hasara hii ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu sitiari nyingi nzito za madaraka katika Kiswahili zimebeba ng' hiyo: kung'oa mizizi ya rushwa, kung'ang'ania kiti, kung'ata. Zote zinayeyuka bila wewe kupewa onyo lolote. Dalili yake utaiona kwenye orodha ya maneno: ukikuta vipande kama "ng" au "kung" vina idadi kubwa, jua maneno yamekatwa. Dawa ni kuongeza ritifaa kwenye maelezo ya herufi za neno kabla ya kuunda kopasi, yaani mkusanyo wa matini utakaochunguzwa. Katika toleo la 4 mpangilio huo uko kwenye dirisha la kuundia kopasi, na ukiubadilisha baadaye itabidi uunde upya. Kwanza badilisha ritifaa zote zilizopinda ziwe zilizonyooka, maana faili moja ikiwa na aina mbili, neno moja litahesabiwa kama maneno mawili. Hifadhi kila hotuba peke yake, .txt, kwa usimbaji wa herufi wa UTF-8, tarehe mwanzoni mwa jina la faili.

Mara ya pili ni kwenye viambishi. Chukua kutumbua majipu, yaani kuwafukuza kazi wala rushwa na wazembe, sitiari aliyoitumia Magufuli alipofungua Bunge Dodoma, Novemba 2015. Ukitafuta "tumbua" pekee hupati nimetumbua wala atatumbuliwa. Ukiizungushia nyota, inayosimamia herufi zozote, *tumbu*, unafungua mlango kwa kila mpita njia: kutumbuiza, kutumbukia, kutumbukiza. Njia inayofanya kazi ni kutafuta mara nne: *tumbua*, *tumbue*, *tumbuli*, na *tumbui bila nyota mwishoni, ili upate kanushi kama hatutumbui na kumwacha nje mtumbuizaji. Hata hapo utabaki na vitumbua vya mama lishe na watu waliotumbua macho. Hao unawatoa kwa mkono. Hali ni hiyo hiyo kwa *jipu*, inayozoa kujipunguzia na kujipumzisha, na kwa *nyony*, ambako wanyonyaji wa enzi ya Azimio la Arusha wanachanganyika na akina mama wanaonyonyesha katika hotuba za afya. Kwa Kenya tatizo ni tahajia: wilibaro (toroli), alama ya William Ruto kwenye kampeni za 2022, imeandikwa kwa namna kadhaa, pamoja na Kiingereza chake, na kila moja itafutwe kivyake.

Idadi usiisome ikiwa ghafi. Mara 12 katika hotuba ya maneno 8,000 ni 15 kwa kila maneno 10,000. Mara 12 hizo hizo katika maneno 3,000 ni 40. Chora pia mtawanyiko kwa kitufe cha Plot, kinachoonyesha neno limetokea wapi ndani ya hotuba. Sitiari iliyorundikwa dakika za mwisho, watu wakiwa wameshachangamka, haifanyi kazi sawa na iliyotangulizwa kuandaa hoja.

Lakini AntConc haijui sitiari ni nini. Kila mstari lazima usomwe: neno lina maana gani hapa, lina maana gani ya msingi katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu, na je, ya hapa inaeleweka kwa kulinganishwa na ile ya msingi? Ndipo uulize sitiari inaficha nini. Jipu haliombwi utetezi wala halikati rufaa. Linauma, lina usaha, na kila aliyewahi kuota jipu anajua nafuu inayokuja baada ya kulitumbua. Mtuhumiwa akishaitwa jipu, anayeuliza ushahidi uko wapi anaonekana anatetea ugonjwa. Nguvu ya sitiari imo humo, na hakuna safu ya takwimu itakayokuonyesha.

Wala wingi si athari. Mwaka 2011 watafiti Thibodeau na Boroditsky walionyesha kuwa uhalifu ukiitwa mnyama mkali watu huelekea kutaka adhabu zaidi, ukiitwa kirusi cha ugonjwa huelekea kwenye marekebisho ya jamii. Wenzao waliorudia jaribio, wakachapisha mwaka 2014, hawakuupata mwelekeo huo. Kwa hiyo usiandike "hotuba iliwashawishi wananchi" kwa kuwa tu neno limejirudia mara 40.

Ukitaka dalili ya kupokelewa, unda kopasi ya pili ya magazeti na mijadala ya Bunge ya miezi iliyofuata. Taarifa Rasmi za Bunge la Tanzania zipo kwa Kiswahili. Tafuta kitenzi, kisha panga mistari kwa neno la kwanza kulia. Mwanzoni kitenzi huongozana na majipu. Angalia lini kinaanza kusimama peke yake, "mkurugenzi atumbuliwa", bila jipu na bila alama za kunukuu. Mwandishi wa habari anayeandika hivyo hamnukuu tena rais. Kwake kutumbuliwa kumeshakuwa ndiyo kufukuzwa kazi.